Taa ya Uongo ya Sefu

Zaina mwanangu,

Boti ya Moba inaondoka kesho asubuhi, na papa yako bado anafunga na kufungua sanduku lako kama mtu anayetafuta sababu ya kukuzuia. Wewe umeenda kumuaga shangazi yako kule Kataki. Nimesukuma kitambaa pembeni, nimeweka karatasi juu ya mashine yangu ya kushonea, ninaandika kabla hujarudi. Mambo ya kula, ya kuvaa, ya kuwaheshimu wakubwa wa kazi sitayagusa. Kama hukuyashika kwa miaka ishirini na mitatu, barua haitakusaidia.

Ninakuandikia juu ya Sefu. Najua jina hilo halitajwi ndani ya nyumba hii. Ni mimi niliyelikataza. Lakini wewe unakwenda kuzalisha wamama kule Moba, na Sefu yuko Moba, ana duka karibu na bandari, na mji ule si mkubwa. Utamkuta. Sitaki umkute bila kujua, wala sitaki awe yeye wa kwanza kukusimulia.

Nilijaribu kuiandika barua hii mara mbili kwa moyo mweupe. Nikaichana mara mbili. Basi isome kama ilivyo.

Ulikuwa na miaka kumi na miwili mkono wa papa yako ulipoungua. Tulikwambia ni radi. Radi ilikuwepo, hatukudanganya, ila tulikatia hadithi pale kwa sababu wewe ulikuwa bado unamwita Sefu baba mdogo.

Unaikumbuka ile mashine ya kudarizi? Papa yako aliileta kutoka Kigoma, amekaa juu ya kreti yake njia nzima ya ziwa ili mtu asiweke mzigo wa chumvi juu yake. Kanzu zake zilijulikana. Watu walitoka Nyunzu kwa treni kufuata shingo ya kanzu aliyoidarizi Ramazani. Mimi nilikata na kushona, yeye alidarizi, na mkono wake wa kulia ulikuwa unapita juu ya kitambaa kama mtu anayepapasa uso wa mtoto aliyelala. Nilimpenda kwa mkono ule kabla sijajua kama ana nyumba au hana.

Pamoja na mashine ilikuja ralonji nene nyeupe, ule waya wa kurefusha umeme wenye matundu ya plagi, yenye kitaa cha kijani ubavuni. Hiyo ndiyo kinga ya umeme. Fundi wa Kigoma alimwambia papa yako: kitaa hiki kikiwaka, kinga bado iko hai, kikizimika, imekufa. Umeme utaendelea kupita, mashine itaendelea kushona, nawe utaona kila kitu kiko sawa. Lakini siku umeme utakapokuja kwa kishindo, hakuna kitu cha kuuzuia. Ibadilishe siku hiyo hiyo.

Miaka ikapita. Mvua moja kubwa ikapiga, na kesho yake kitaa kikawa kimezimika. Papa yako akaniambia ninunue nyingine. Nikamjibu, mashine inashona, tungoje. Tukangoja miezi minne. Nilidhani kitu kikipitisha umeme ni kizima. Kwa miezi ile minne hatukupata baya lolote, na hilo ndilo lililoniharibu, kwa sababu nilianza kujiona nina akili kuliko fundi wa Kigoma.

Mwisho papa yako akachoka kusema, nami nikaichukua ile ralonji nikaenda kwa Sefu.

Sefu na papa yako walisoma chuo kimoja cha Korani, ubao mmoja, fimbo moja. Alikula kwetu kila Idi. Alikuwa na duka la vitu vya umeme, balbu, waya, prizi za ukutani, betri, na mtu yeyote akiuliza pa kununua tulimwelekeza kwake. Aliipokea ralonji yetu, akaigeuza, akatikisa kichwa.

“Mama Zaina, hii imekwisha kufa. Acha hapa, nitaitupa mimi mwenyewe.”

“Uko na ingine muzuri?”

Akaingia nyuma, akatoka na moja, akaichomeka ukutani. Kitaa cha kijani kikawaka.

“Unaona? Taa ikiwaka, wewe lala usingizi.”

Niliona kitu, Zaina. Kichwa cha skrubu moja kilikuwa kimechunika, kama kimefunguliwa na bisibisi isiyo saizi yake. Mimi nikigusa pindo la nguo kwa kidole najua kama limefumuliwa na kushonwa upya. Siwezi kudanganywa kwa nguo. Siku ile niliona wazi kitu kilichofumuliwa na kushonwa upya, nikajiambia, ni Sefu huyu. Nikakibeba nyumbani.

Baada ya wiki chache, ile kinga ilianza kupata joto. Ukiishika ilikuwa kama mpini wa pasi. Tundu moja lililegea, plagi ikawa inacheza ndani yake na kufanya kelele ndogo ya kukaanga. Pembeni ya tundu pakawa na alama ya kahawia. Halafu harufu, ile ya plastiki inayoanza kuungua, inayokuja na kuondoka hadi unadhani ni jirani anachoma takataka. Mimi nilihamishia plagi tundu la pili, basi.

“Mwamini, kitu hiki kiko na moto,” papa yako aliniambia.

“Taa inawaka,” nikamjibu.

Nilimjibu hivyo mara tatu, siku tatu tofauti. Tulikuwa na kanzu kumi na nne za harusi moja, na marobota ya kitambaa yalikuwa yamejaa hadi mengine niliyaegemeza juu ya ile ralonji. Mimi mwenyewe, kwa mikono yangu.

Siku ya moto ilikuwa alasiri. Wewe ulikuwa shuleni. Mvua ilitokea ziwani, radi zikaanza mbali. Desturi yetu ilikuwa kuchomoa waya zote radi ikianza. Papa yako akanyoosha mkono kuchomoa, nikamwambia, “Umebakiza shingo moja tu, maliza kwanza.” Akamaliza nusu. Umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika, kisha ukarudi na mlio kama mtu amevunja ubao gotini. Ralonji ikatoa cheche, robota la kwanza likashika.

Papa yako hakukimbia. Aliishika ile plagi ili aichomoe ukutani, na plastiki ilikuwa imeshakuwa uji. Ikamganda kiganjani. Alichomoa, akaanza kuvuta nguo za watu zinazowaka kwa mkono ule ule, mpaka majirani wakaja na mchanga. Kanzu kumi na tatu zilipona. Mashine ilikufa. Na ule mkono umeuona miaka kumi na moja sasa: vidole viwili vimekunjamana, kidole gumba hakifiki popote. Hashiki sindano.

Sefu alikuja hospitali na machungwa. Alilia, Zaina. Machozi ya kweli, nikayaona yanadondoka kwenye shuka.

“Ni kazi ya Mungu, ndugu yangu,” akamwambia papa yako. “Radi haina kinga.”

Nikaushika mkono wa Sefu. Nikamshukuru. Nikamenya chungwa lake, nikamlisha mume wangu. Nikikumbuka moto ninapumua na unapita. Nikikumbuka lile chungwa, hasira inanirudia mpya, hadi leo, hadi dakika hii ninapoandika.

Wiki tatu baadaye nilikuwa nafagia masizi nikaikuta ile ralonji, nusu imeyeyuka, nusu nzima. Ile skrubu iliyochunika ilikuwa upande mzima. Sijui kwa nini niliipeleka kwa fundi wa redio wa mtaani badala ya kuitupa. Akaifungua, akaitazama, akaenda kuchukua nyingine ya kwake, nzuri, akaifungua pia na kuziweka sambamba. Katika ile nzuri palikuwa na vidonge vitatu vya buluu, bapa, kila kimoja kama kifungo cha koti. Akaniambia, hivi ndivyo vinavyopigwa badala ya mashine. Kila umeme ukija kwa nguvu vinameza, na kila vikimeza vinachoka, hadi siku vinakufa. Katika ile yetu hapakuwa na kifungo hata kimoja. Miguu ya vidonge ilikuwa imekatwa kwa koleo, safi kabisa.

“Na huu waya mwekundu?” nikauliza.

“Huu umeungwa na mutu, mama. Taa imepewa njia yake yenyewe. Itawaka hata kama ndani hamuna kitu. Hii ilikufa zamani, kabla hamujainunua.”

Sikumwambia papa yako. Nilikaa na neno lile siku kumi na moja. Nilipika, nikamwosha, nikambadilisha bandeji, nikacheka na wageni. Nilikuwa nachagua siku. Nilichagua Ijumaa, baada ya sala, wakati barabara ya duka la Sefu inajaa watu wanaorudi na wanaotaka kununua kitu njiani. Nilivaa vizuri. Nilivaa kile kitenge cha njano.

“Karibu, shemeji! Ramazani anaendeleaje?”

“Anaendelea. Nipe kinga za umeme, unionyeshe zote ulizonazo.”

Akafurahi. Akaweka sita juu ya meza, akazichomeka moja baada ya nyingine, vitaa sita vya kijani. Watu walikuwa wananizunguka, mmoja anataka betri, mwingine balbu. Nikatoa bisibisi ya mashine yangu kutoka kwenye mkoba, nikachomoa ya kwanza, nikaanza kufungua.

“Mama Zaina, unafanya nini?”

Nikaendelea kuzungusha bisibisi. Ya kwanza, tupu. Nikaiacha wazi juu ya meza. Ya pili, tupu. Nilipoichukua ya tatu mikono ikasimama. Kwenye waya wake palikuwa na uzi wa zambarau umezungushwa mara nne na kufungwa kwa fundo langu, fundo ninalomalizia kila vazi. Nilikuwa nimeufunga mwenyewe miaka ile ili watu wasichanganye ralonji yetu na zao kwenye sherehe. Ilikuwa ni ile yetu ya Kigoma. Ile iliyokufa. Ile aliyosema ataitupa. Ilikuwa inawaka kijani, inangoja nyumba nyingine.

Sefu akauona uzi wakati ule ule nilipouona. Akashusha sauti.

“Shemeji, tuingie ndani tuongee.”

“Hapana. Hapa hapa, watu wasikie.”

Na wakasikia. Nilieleza vifungo vya buluu, nikaeleza waya mwekundu, nikaeleza mkono wa mume wangu, kidole kwa kidole. Sikupiga kelele. Nilisema kwa sauti ninayotumia kumpima mteja kifua na kiuno. Mwanamume mmoja aliyekuwa amenunua hapo kinga ya furigo, jokofu lake, alitoka mbio kwenda kwake. Kesho yake mbele ya mlango wa Sefu palikuwa na rundo la ralonji zilizofunguliwa matumbo. Duka lilifungwa wiki ile ile.

Nitakwambia kweli kwa kuwa unaondoka. Ilikuwa tamu. Nilirudi nyumbani nikala samaki wa mikebuka na ugali wa bukari, nikaongeza, nikaongeza tena. Sijawahi kujuta Ijumaa ile hata kwa dakika moja, na ukinisikia siku moja nasema najuta, jua nimezeeka vibaya.

Papa yako akasikia kwa majirani.

“Ungeniambia mimi kwanza,” akasema. “Alikuwa ndugu yangu.”

“Njo maana sikukuambia.”

Siku chache baadaye alienda kwa Sefu peke yake, akampa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia ulikuwa kwenye bandeji, akamwambia amemsamehe. Nilimfokea mume wangu hadi jirani akaja kugonga mlango. Papa yako alinijibu kitu kimoja: mkono ni wake, na msamaha ni wake.

Ningeishia hapo, ningekuwa mwanamke mwenye haki. Sikuishia hapo.

Unamkumbuka Amina, binti mkubwa wa Sefu? Alikubeba mgongoni ulipokuwa huwezi kutembea kwenye matope. Wakati ule alikuwa na miaka kumi na tisa, ameposwa, na kitambaa cha gauni lake la harusi kilikuwa kwangu, nimeshampima. Kuvunja duka hakukunitosha. Nilimwona Sefu anapita barabarani, bado anatembea, bado ana mikono miwili, nikaona sijamaliza. Nikatuma maneno kwa shangazi za mchumba: mnaingia nyumba ya mtu anayechoma watu. Nikayatuma mara mbili, kwa midomo miwili, ili yafike.

Yakafika. Posa ikavunjika.

Amina alikuja mwenyewe kuchukua kitambaa. Hakulia. Alisimama pale mlangoni ulipoweka viatu vyako leo.

“Mama Mwamini, mimi nilikukosea nini?”

“Muulize papa yako,” nikamjibu, nikamrushia kitambaa.

Nimerudia jibu lile mara nyingi kichwani, nikitafuta jingine. Lipo moja tu, na ni fupi: hukunikosea kitu. Lilinishinda siku ile kwa sababu hasira ilikuwa imenipa nguvu, na nilikuwa sijawahi kuwa na nguvu kiasi kile maishani. Sefu alistahili kila nilichomfanyia. Amina hakustahili hata kuangaliwa vibaya. Nilijua mahali pa kuanzia, Zaina, sikujua mahali pa kusimama. Baada ya mwezi wakapanda boti, wote, wakahamia Moba.

Wabaharia humletea papa yako habari. Sefu amezeeka, macho yamepungua, na duka sasa linaendeshwa na Amina. Kama ameolewa sijui. Sijathubutu kuuliza.

Sasa, ile nyumba ya wauguzi utakayokaa ina jenereta, na jenereta ikiamka vibaya inapiga vitu kama radi. Papa yako amekuwekea kinga mpya chini ya nguo. Nimeifungua, nimeviona vifungo vitatu, nimeifunga. Nimeandika tumboni kwake mwezi na mwaka kwa kalamu isiyofutika. Ikifika miaka mitatu au minne usibishane nayo, hata kama inaonekana nzima. Ikipigwa pigo moja kubwa, la kuzima nyumba nzima, ibadilishe bila kungoja uzee. Kitaa kikizimika, siku hiyo hiyo, hata kama una wagonjwa mlangoni. Kikiwaka, usikiamini peke yake: weka nyuma ya kiganja juu yake kila unapofagia, inuse, tikisa plagi uone kama inacheza. Usifanye kama mimi, usiizike chini ya vitu ili usiione.

Na ikifa, usiitupe nzima. Kata waya wake, ipasue kwa nyundo, ili mtu asiiokote akaipa taa. Nimepasua nne tangu mwaka ule. Kila moja niliiita kwa jina la Sefu kabla ya kupiga.

Utakapohitaji nyingine, nenda dukani kwa Amina. Ndiyo, kwake. Msalimie kama dada yako mkubwa. Halafu mwambie, kwa maneno haya, usiyapambe: mama amesema alikukosea, na ulipomuuliza alijua jibu. Akikufukuza, toka taratibu, ana haki. Akikaa kimya, kaa naye. Nilipaswa kuja mwenyewe miaka mingi iliyopita, na ukinidharau kidogo kwa kukutuma wewe, nitavumilia. Halafu mwombe aifungue hiyo kinga mbele yako kabla hujainunua. Nadhani ataifungua bila kuombwa.

Sefu atatoka nyuma akisikia sauti yako. Atakutambua, umefanana na papa yako hadi kwenye kucheka. Mpe salamu za papa yako, zote, ni za kweli, na mtu akituma salamu lazima zifike. Akikukumbatia, muache. Sijakulea umchukie kwa niaba yangu. Kazi hiyo naiweza peke yangu.

Lakini atakuuliza, “Na mama?”

Mjibu, “Yuko muzima.” Usiongeze neno.

Mama yako,
Mwamini